Chumvi ya Mama wa Jandoni

Wajukuu zangu wana maduka sasa, na wakikaa barazani utawasikia: mtaji, mtaji, mtaji. Wananitia hasira. Mimi mtaji niliwahi kuwa nao, nikamwachia mtu asiyewajua wateja wangu, nusura anizike nao.

Nilizaliwa Masasi kwa Wayao, nikaolewa juu Newala kwa Wamakonde, Mdachi akiwa ndiye mwenye nchi. Mume wangu alikuwa mtu wa kugema mpira porini. Duka lilikuwa langu. Newala maji yako bondeni. Wanawake walikuwa wakishuka alfajiri na kupanda na mitungi kichwani, mgongo umelowa. Basi nilijenga banda pale mpando unapoishia, nikachimba vishimo mbele yake vya kutulia mitungi isipinduke. Mwanamke akitua mtungi atapumua, akipumua atatazama, akitazama atakumbuka hana chumvi. Sikumpigia mtu kelele.

Mshirika wangu alitoka Lindi. Yeye alileta chumvi, kaniki, shanga na majembe, akaondoka na ufuta na nta tuliyopewa na wateja. Bei za pwani alizijua zote. Watu hakuwajua, na hakutaka kuwajua. Wanawake wakimsalimu aliitikia huku anatazama walichobeba.

Sasa huku kwetu wavulana wakiingia jandoni, mama zao hawali chumvi wala hawaigusi mpaka watoto watoke. Baba na wajomba vilevile. Ukiigusa, kidonda cha mtoto kule porini kitakataa kupona. Mimi sikuwa na mtoto jandoni mwaka ule, nikaweza kuishika; chumvi niliifunika nyuma kabisa ya banda, mbele nikatandaza shanga. Wanawake waliniletea ufuta wao mapema, nikawaahidi kwamba siku ya kutoka kila nyumba itapata chumvi yake. Maana siku hiyo mama anatia chumvi chunguni kumpokea mwanawe. Asipokuwa nayo, ampokee na nini?

Mwaka huohuo vita vya Maji Maji vikafika Masasi. Njia ya Lindi ikafungwa. Chumvi niliyokuwa nayo ndiyo iliyokuwepo.

"Dada," mshirika wangu akaniambia, "chumvi imelala humu kama maiti. Askari kule Masasi wanaililia."

"Ina wenyewe."

"Wako wapi? Sijasikia hata mmoja akiiulizia."

"Hawaiulizii kwa sababu watoto wao wako jandoni. Ukitaka wasikanyage hapa tena, itandaze nje."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Hata sisi pwani tunatahiriwa, na chumvi tunakula!"

"Basi kauzeni kwenu."

Nilidhani yameisha. Siku ya pili nilishuka bondeni kuteka maji. Niliporudi, nyuma ya banda palikuwa peupe. Makanda ya chumvi hayapo, na ufuta wangu umemwagwa chini kama taka. Nikaelewa. Wapagazi wa kijiji chetu wasingekubali kubeba chumvi, kila mmoja alikuwa na mtoto au mpwa jandoni. Kwa hiyo mwanaharamu yule alikuwa ameitandazia ufuta juu, akawaambia wamebeba ufuta.

Nilikimbia kuwafuata. Niliwakuta wanaanza kuuteremka mlima, yeye nyuma na mwavuli wake.

"Shemeji, tueni!" nikapiga kelele.

"Unatufukuzia nini, shemeji?" akajibu yule wa mbele. "Tumeiba mke wa mtu?"

"Mmebeba nini?"

"Ufuta."

"Ufuta gani unaovunja shingo hivyo?"

"Msimsikilize, ana wazimu huyo!" mshirika wangu akasema. "Twendeni!"

Nikazamisha mkono ndani ya kanda, nikautoa, nikafungua kiganja mbele ya macho yao. Mmoja chumvi ilikuwa imemchuruzikia shingoni pamoja na jasho. Akachuma majani akaanza kujisugua kama aliyemwagiwa mavi. Mtoto wa dada yake alikuwa porini. Makanda yakaanguka moja baada ya jingine.

"Nitawaongezea kaniki!" akasema mshirika wangu.

"Kamvalishe mama yako," wakamjibu, wakapanda zao.

Alijaribu kuinua kanda mwenyewe, likamshinda, akalikalia. Mimi peke yangu nisingeweza kuyabeba yote. Kwa desturi yetu kikongwe aliyekwisha kuachana na mambo ya mume anaweza kuigusa chumvi bila kumdhuru mtoto. Nikaenda kwa bibi aliyekuwa akiwafunda wanawali wa pale kijijini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema kama mbuzi anayezaa?"

Nikamweleza. Hakunipa pole. "Umeshirikiana na mtu wa kukuletea mali," akasema, "wa kukulindia hukumtafuta." Kisha akaita wenzake, vikongwe watupu, wakaja na nyungo na vibuyu. Yule bwana bado alikuwa amekalia kanda lake njiani.

"Mume wangu, inuka," bibi akamwambia. "Umekalia mahari yangu."

Wenzake wakacheka, meno hakuna. Akainuka. Vikongwe wakapakua chumvi yote, wakaipandisha kidogo kidogo, ikaenda kulala nyumbani kwa bibi. Yule bwana nikamgawia ufuta na nta ya haki yake, nikamwambia ushirika umekwisha. Bibi nikamfanya mshirika wangu. Yeye ndiye aliyesema tangu hapo kipi kiwekwe mbele, kipi kifunikwe, na wakati gani. Wanawake walikuwa wamelisusa banda waliposikia habari ya yale makanda; walipojua chumvi yao iko kwa nani, walirudi kutua mitungi.

Siku ya kutoka, mlango wa bibi ulijaa kina mama tangu jua halijapanda, kila mmoja na chombo chake, vigelegele haviishi. Nami nilikuwa nikigawa, mikono myeupe. Mshirika wangu wa zamani, aliyekuwa amekwama Newala kwa ajili ya vita, akajipenyeza mpaka mbele yangu, anatabasamu.

"Dada, naona imechangamka. Turudiane, basi. Mimi ndiye niliyeileta."

"Uliileta," nikamwambia, "na ukawabebesha wajomba wa watoto. Toka, kuna mama nyuma yako anataka kupika."