Msumari wa Fundi Redio

Jirani yetu fundi redio hutengeneza bodi za saketi kwa dawa inayokula shaba. Dawa ikichoka huimimina kwenye ndoo ya plastiki, hukaza kifuniko na kukipangusa mara mbili, kisha huiweka hadi siku ya kuipeleka kituo cha taka za sumu. Jana shemeji yake, ambaye bustani yake ya mboga hunyweshwa maji yatokayo kwenye sinki la fundi, aliitaka ndoo.

“Shemeji, imekaa miezi mitatu. Si ukali umeshaisha? Imwage tu sinkini.”

Fundi alisugua msumari wa chuma hadi ukang’aa, akauchovya ndani ya ndoo, akasubiri. Alipoutoa, ulikuwa mwekundu, umevaa shaba iliyokuwa bado ndani ya dawa.

“Msumari umeshaonja, shemeji. Sasa aonje nani, wanao kwenye mboga?”

Shemeji alikaza kifuniko mwenyewe, akakipangusa mara mbili.