Kitufe cha F4 Kwenye Kona ya Kanga

Saa nne asubuhi, Jumamosi, katika duka la vifaa vya ofisi karibu na stesheni ya Shinyanga, Suzana Mihayo ameketi mbele ya kompyuta mpya, ameuma meno. Nyuma yake wamesimama wachimbaji watatu wa dhahabu, vumbi hadi kwenye kope, na wote wanaongea.

“Mama Justa, mshushe huyo kwenye orodha, mpandishe Kalisti,” kiongozi wao, Bujiku, anamwambia Suzana. “Kalisti ndiye aliyeliona jiwe kwanza.”

Wametoka machimbo ya upande wa Kahama kuandikiwa ombi la leseni. Katika duara lao, yaani shimo wanalochimba kwa pamoja, majina yana mpangilio: aliyeliona jiwe kwanza, kisha aliyewalisha wenzake, kisha wengine. Ubishi huo hawaumalizi machimboni. Wanakuja kuumalizia mgongoni kwa mpiga chapa.

Kwa miaka saba hilo halikumsumbua Suzana. Kwenye kompyuta ya zamani alishika Alt, akabonyeza F4, akagonga herufi. Maneno yote hadi herufi hiyo yakaingia kivuli, yaani yakachaguliwa, akayahamisha. Vidole vilijiendea vyenyewe, macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja.

Januari mwaka huu, 1998, ikaja kompyuta yenye mfumo mpya. Programu ya kuandikia ni ile ile, toleo jipya tu, lakini sasa mfumo unadaka vitufe kabla programu haijavipata. Kwa mfumo, Alt na F4 maana yake ni funga. Mashine inauliza kwa Kiingereza kama ihifadhi kazi. Suzana hajainua macho, kidole kimeshagonga N ya jina kama Nkwabi, na mashine inaichukua N hiyo kuwa jibu la hapana. Ukurasa unatoweka.

“Wiki moja nimepoteza kurasa kumi na saba,” ananiambia. “Nilidhani nimerogwa. Nimechoka, ndugu mwandishi. Hata ukilitukana dude hili, lenyewe linakukodolea macho tu.”

Na mtu asimwambie angehifadhi mapema. F10 iliyokuwa ikihifadhi, sasa inarukia kwenye menyu juu ya skrini na kukaa hapo. Fundi aliyeitwa kutoka Mwanza alikunywa soda mbili, akamwambia azoee, akaondoka. Hata mimi niliyesimuliwa tu nilikasirika.

Mwenye duka, Gangaben, ambaye wote humwita Mama Dhaval, naye aliishiwa subira. “Wateja wanalia hapa, Suzana. Mpaka Jumamosi. Kazi ikipotea tena, naleta binti wa Mwanza ashike nafasi yako.”

Jumamosi ndiyo leo, na ni kazi hii inayomsomesha mwanawe Justa kidato cha pili.

Alhamisi Suzana alichukua kitabu cha kompyuta, akakisoma mchana kutwa kwa msaada wa kamusi. Akagundua kwamba programu inakubali kubadilishiwa vitufe. Kivuli akakihamishia F11, kuhifadhi F12. Lakini mfumo haukubali kuiachia Alt na F4, na vidole navyo havikubali kusahau. Ijumaa akachukua kisu cha kufungulia bahasha, akaking’oa kitufe cha F4, akakifunga kwenye kona ya kanga.

Leo nimeona kidole kikienda huko kwa mazoea, kikaangukia kishimo, kikashtuka, kikarudi. Mara tisa. Majina ishirini na mawili yamepandishwa na kushushwa, na hakuna lililopotea. Karatasi inatoka kwenye printa, Kalisti juu kabisa. Bujiku anayahesabu kwa kidole, kisha anayahesabu tena.

Mama Dhaval anainama juu ya kibodi. “Suzana! Umeng’oa jino la kompyuta yangu?”

“Ndiyo, mama. Lakini orodha ipo.”

Mama Dhaval anaisoma orodha yote, bila haraka. “Hilo jino lisipotee,” anasema, na kurudi kaunta. Binti wa Mwanza hakutajwa.

Suzana anapanga kuandika kijitabu cha vitufe kwa Kiswahili, kwa ajili ya wapiga chapa wenzake wa mjini hapa. Nikamuuliza kama ana ombi lingine.

“Mashine nyingine ikija, wasiniambie nizoee,” anasema, akilishika fundo la kanga. “Waniulize kwanza vidole vyangu vinakwenda wapi.”