Redio ya Kuwasikiliza Walio Juu

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Mtaa mzima unamwita Geti, kwa sababu mageti mengi ya hapa yametoka mikononi mwake, na kwa sababu akishakataa jambo, hafunguki. Miaka yote ameinamia grenda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma, bila kuziba masikio. Nikimkanya, ananiambia chuma kina lugha yake, fundi lazima aisikie. Haya, sasa daktari amemwambia masikio yanakwenda kidogo kidogo, na yakienda hayarudi. Mwingine angelia. Yeye alirudi nyumbani akatangaza kwamba kabla hayajaisha anataka kuwasikia watu walio kwenye chombo cha anga za juu, kile kinachoizunguka dunia.

"Umekosa watu wa kuwasikiliza hapa chini?" nikamuuliza.

"Wa hapa chini najua watakachosema."

Alikuwa amesoma gazetini kwamba chombo hicho hupita juu ya vichwa vyetu, na kwamba waliomo huongea na wapenzi wa redio huku chini. Yeyote mwenye redio inayofaa anaweza kuwasikia. Inayofaa! Neno hilo ndilo lililonitoa jasho.

Duka la kwanza, muuzaji alikuwa dada mmoja mpole. Alitusikiliza bila kucheka, akatoa kidude cha kushika mkononi, kama vile vya walinzi wa benki. Akasema redio za kawaida za nyumbani hazifiki kwenye namba wanazotumia watu wale, lakini hiki kinafika. Geti akakiweka sikioni.

"Kinanong'ona," akasema, akakirudisha mezani.

Hakusema kwamba asiyesikia ni yeye. Mimi nilipofungua mdomo, akanikanyaga mguu.

Duka la pili tukauziwa liredio lenye spika mbili na antena ndefu. "Hili linashika dunia nzima, mzee," muuzaji akajigamba. Na kweli lilishika dunia nzima: mahubiri, mpira, bei za mazao. "Mimi nataka nje ya dunia!" Geti akalalamika, kwa sauti ya kuamsha wafu. Tukalirudisha kwa ugomvi. Redio ya tatu ilikuwa na namba zenyewe, ila iliundwa kwa ajili ya stesheni za muziki. Mawimbi membamba ya chombo yakiingia humo, sauti inatoka ndogo, imezama kwenye mvumo. Mdogo wangu, ambaye simu yake inaonyesha chombo kinapopita, alikuwa akirukaruka uani: "Shemeji, wanapita! Wanapita sasa hivi!" Wakapita kweli, na sisi tukaambulia patupu.

Kila redio aliipima vilevile. Anazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, na inayopiga kelele kuliko zote ndiyo bora. "Unanunua redio au unanunua kelele?" nikamwuliza siku moja. Akanijibu kuwa mteja wa dirisha atakuja kesho. Ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Nikisema chumvi imekwisha, ananiambia mgeni hajafika. Miezi ikaenda hivyo, na kila mwezi mimi naongeza sauti.

Mwisho nilichoka. Nikamburuta mpaka kwa yule dada wa kwanza, nikasema mbele ya wateja wote, "Mume wangu hasikii vizuri. Tunataka kile kidogo, na kitu cha kumpazia sauti."

Geti akaangalia sakafu. Dada wala hakuona ajabu.

"Mngeniambia tangu siku ile, mama. Kina tundu hapa pembeni. Unachomeka waya, anavaa masikioni."

Tundu! Miezi yote ile tumehangaika kwa sababu mtu mzima, baba wa watoto wangu, aliona aibu kutamka maneno mawili. Nilitamani kumzaba kofi palepale dukani.

Jumamosi alasiri tukasimama uani, mbali na mabati yanayozuia mawimbi. Waya ulikuwa na vichwa viwili. Kimoja alivaa yeye, kingine nikavaa mimi, tukasogeleana bega kwa bega. Mdogo wangu akanyoosha kidole: wanakuja kutoka upande ule. Kwanza ulikuwa mvumo tu. Halafu ndani ya mvumo akatokea mwanamke, sauti nyembamba, karibu kabisa, kama anaongea dirishani. Sikujua lugha yake. Akasema jambo, akacheka.

Nikamgeukia Geti. Alikuwa amekunja uso, bado anazungusha kitufe.

"Bado," akasema. "Vuta subira, watakuja."

"Anaongea!"

"Nani?"

"Mwanamke!" nikampigia kelele sikioni. "Yuko juu, anacheka!"

Akaongeza sauti mpaka sikio langu likauma. Akasubiri. Akatikisa kichwa. Nikashikwa na hasira, hasira ya kweli, kwa grenda, kwa ile miezi, kwa kile kiburi chake, na kwa huyo mwanamke aliyekuwa akiendelea kucheka.

Geti akachomoa kichwa chake cha waya, akakifuta kwenye shati, akaniwekea kwenye sikio langu la pili.

"Sikiliza wewe," akasema. "Mimi nitakuangalia."