Waya Uliokatwa Kwenye Gari la Mume Wangu

Jamani, sikilizeni yaliyonikuta leo.

Asubuhi nimepeleka gari la marehemu mume wangu kwa fundi, Chang'ombe ya hapa Dodoma. Ni lile kuukuu alilolinunua wakati magari ya mtumba yalipoanza kuingia. Feni ya hita ina miaka minane haifanyi kazi, na baridi ya huku mwezi huu mnaijua.

Fundi akapima fyuzi. Nzima.
Akaiunga feni moja kwa moja na betri. Ikazunguka!

"Basi shida ni waya," akasema, akajipenyeza chini ya dashibodi.

Mara akaniita.

"Mama, huu waya haukuungua. Umekatwa, ukafungwa utepe."

"Kaukata nani?"

Akatoka taratibu, akavua kofia.

"Mimi. Nimekumbuka sasa. Mzee alilileta ile wiki uliyolazwa kwa pumu. Alisema feni inakupulizia vumbi usoni. Akaniambia, 'Kata, ila mama ajue imekufa. Akijua ni kwa ajili yake, atataka niiwashe nisipate baridi.'"

Miaka yote ile nilimwita bahili, tukienda kazini Buigiri. "Feni tu inakushinda!"
Yeye anacheka, ananifunika magoti kwa koti lake.

Koti bado liko kiti cha nyuma.

"Niunge?" fundi akauliza.

Nimetikisa kichwa. Nimelivaa koti, nimerudi nyumbani bila hita.

Nyie mliokuwa mnanisikia nikimsema, leo nisaidieni kumwomba radhi.