Mahali pa Mlangoni

Siku ya kwanza kwenda ghalani nilivaa kanga mpya, nikidhani kazi ya kuchambua karafuu inataka mtu nadhifu. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi nna miaka kumi na saba na chuoni nimesoma juzuu tatu tu za Kurani. Nilitoka Ng'ambo kwa miguu mpaka Malindi, hapa hapa mjini Unguja, pamoja na Bi Tatu Khamis, jirani yetu, ambaye kazi ile alikuwa ameshaizoea. Adhuhuri haijaingia, kanga yangu imeshakuwa rangi ya vumbi.

Nyinyi wa sasa karafuu mnaiona kwenye chai. Sisi tulikaa chini kwenye majamvi, kila mmoja na ungo wake, gunia linamwagwa mbele yako. Unatoa makonyo, yaani vile vijiti vinavyoshika karafuu mtini. Unatoa mpeta, ile karafuu iliyovunda kabla ya kukauka, nyepesi, nyeupenyeupe. Iliyobaki unaipeta vumbi liruke. Ukimaliza gunia, unafudikiza ungo wako, unaulaza kifudifudi juu ya jamvi, na Msimamizi anakuja kukagua. Safu yetu walikuwa Bi Tatu, Mwanaidi Juma, Siti Mbarak, Fatma Ali wa Miembeni na Zuhura Faki tuliyeanza naye siku moja. Msimamizi naye jina lake nalikumbuka, lakini nitamwita kwa cheo chake, kwani yeye hakuniita kwa langu hata siku moja.

Desturi ya pale, mgeni hukaa mlangoni. Huko ndiko yanakoshushwa magunia yaliyopata unyevu, karafuu zimegandana, mpeta tele, na kila mchukuzi anayeingia anakuruka na mzigo wake. Unakaa msimu mmoja, kisha unasogezwa ndani kwenye karafuu kavu. Siku ile Zuhura aliugua tumbo, akakalishwa ndani karibu na maji, nikabaki mlangoni peke yangu. Mwanaidi alishafudikiza ungo mara mbili, mimi nipo kwenye nusu gunia. Msimamizi akasimama juu yangu.

"Mmeniletea kobe," akasema, na ghala zima likacheka. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Msimu ulipokwisha sikusogezwa. Kobe umpeleke wapi? Wa pili vile vile, na wa tatu. Wenzangu wakaniita Bi Kobe, kwa mapenzi, nami naitika naam. Mtaani kukiwa na shughuli nikaitwa kupika, nawaambia mtafuteni mwingine, mimi si mtu wa haraka. Mama mmoja alitaka kunifundisha kushona kofia, nikamkatalia hajamaliza kusema. Hakuna aliyenituma nikatae.

Msimu wa nne Mwanaidi aliolewa Pemba akaacha kazi. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa safu, anayewafundisha wageni. Msimamizi akatangaza kwamba atakayefudikiza ungo wa kwanza asubuhi ile ndiye atakayeshika nafasi yake. Mvua ilikuwa inaingia mlangoni, nami nikaambiwa nikae pale alipokuwa akikaa Mwanaidi.

Karafuu kavu nilikuwa sijawahi kupewa. Zilipita vidoleni kama shanga. Ghafla naona jamvi tupu mbele yangu, nikainua macho, na wenzangu wote bado wameinama.

Bi Tatu akaninong'oneza, "Fudikiza ungo, shoga. Ushamaliza."

"Haiwezekani. Kuna kitu nimekiruka."

"Hujaruka kitu. Pale mlangoni hata mimi ningekuwa kobe. Fudikiza."

Nilimsikia, na maneno yake niliyaelewa. Lakini mikono yangu ilikwenda kwenye zile karafuu safi, ikazimwaga tena jamvini, nikaanza upya, natafuta makonyo ambayo hayapo. Zuhura akafudikiza ungo wake. Kisha Siti, kisha Fatma. Mimi nikawa wa mwisho. Msimamizi alipita mbele yangu akatikisa kichwa.

"Hata hapa," akasema.

Jioni nilivuka kurudi Ng'ambo pamoja na Bi Tatu. Akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni yeye anayekukalisha mlangoni."

Kesho yake mvua imekatika, nikaenda kukaa mlangoni kwa miguu yangu. Hakuna aliyenionyesha mahali. Nikachambua hapo mpaka macho yakaniacha, na siku niliyoacha kazi, Zuhura, mkubwa wa safu, alinipa mkono akaniita Bi Kobe.

Nasikia vijana mnaambiwa mtu ajijue. Mimi nilijijua mapema mno. Nilitazamwa asubuhi moja, mahali pabaya, na mtu ambaye hakurudi kutazama tena, na alichokiona nikakitunza kuliko nilivyotunza kanga zangu.

Sasa nakaa Kiembe Samaki kwa mwanangu Asha. Mchana hunipa ungo wa mchele nichague, nisikae bure. Nikichelewa hunifuata barazani na kuniambia, "Mama, mchele umeshatakata huo."

Najua umetakata. Naumwaga, naanza tena.