Shangazi Alivyokwenda Kuniposea Kazi

Naandika polepole. Kiswahili changu cha darasani kiliishia darasa la saba, Tanga, kabla sijaletwa Birmingham kwa shangazi yangu, na mpaka leo kila sentensi naisoma kwanza kwa sauti ndogo nione kama imesimama. Lakini habari hii nataka kuiandika kwa Kiswahili, kwa sababu ilitokea kwa Kiswahili.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea mambo ya fedha. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo. Hata dereva wa basi lililopita mlangoni pake aliwahi kuniuliza mle ndani kuna nini. Nilikuwa nimejipangia njia kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo: kiangazi hiki nipate nafasi ya mafunzo ofisini, nikimaliza chuo nifanye kazi huku nikifanya mitihani ya uhasibu, halafu, siku moja, benki kubwa. Yote yalitegemea mstari wa kwanza. Walimu walituambia wazi kwamba bila kiangazi kimoja cha ofisini, mtu wa chuo chetu haitwi hata kwenye usaili.

Mstari wa kwanza ulikuwa umegoma. Fomu za mabenki zilijazwa kwenye kompyuta, na palikuwa na orodha ya vyuo uchague chako. Changu hakikuwemo. Kila mara nilishuka mpaka chini kabisa nikabonyeza "Kinginecho". Siku ya maonyesho ya ajira nilizunguka meza zote bila kuthubutu kuuliza kitu, nikarudi nyumbani na kalamu saba za bure.

"Kalamu saba," Shangazi akasema. "Na kazi?"

"Bado."

"Kwani uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ahsante."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Mara tukasikia ngo, ngo, ngo chini ya miguu yetu. Alikuwa jirani wa chini, mzee wa Kiingereza aliyefanya kazi miaka mingi kiwanda cha magari cha Longbridge. Tangu kilipofungwa alikuwa nyumbani mchana kutwa, na tukicheka tu, hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Shangazi alikuwa msafishaji katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Katika wodi yake alilazwa bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, ambaye asubuhi moja alisukuma bakuli na kusema kwa Kiswahili kitupu, "Huu uji au gundi?" Tangu siku hiyo wakawa mashoga. Bibi alipopona, Shangazi alikuwa ameshaujua ukoo mzima, na pia kwamba mwanawe wa kiume ana ofisi ya uhasibu Sparkhill, juu ya duka la sari.

"Jumamosi tunakwenda," akaniambia.

"Shangazi, huku watu hawaendi hivyo. Unatuma barua, unangoja."

"Na wewe si umetuma? Si unangoja? Mimi nilipoposwa hakikuja kikaratasi. Alikuja mshenga, akakaa, akala, akasema."

Jumamosi alivaa baibui lake jipya, akabeba sinia la visheti lililofunikwa kitambaa cha kudarizi. Mimi nilibeba wasifu wangu ndani ya mfuko wa plastiki. Mhasibu alikuwa mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilimwamkia shikamoo, nikakaa ukingoni mwa kiti, macho kwenye zulia. Shangazi alimuuliza hali ya mama yake, ya mkewe, ya mvua, na ya ngazi zake zilizo kali. Kisha akakohoa kidogo.

"Ndugu yangu, tumekuja na haja. Tumeiona nyumba hii ni nzuri, nasi tuna binti yetu. Ana adabu, hana maneno mengi, na kusoma anasoma. Tunaomba mumpokee."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mhasibu alitutazama mmoja mmoja, kisha akaangua kicheko.

"Mama, mbona hii ni posa!"

"Ndiyo posa. Kwani nimekosea mlango?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, kizuri kuliko changu. "Basi nami nitajibu kiposa," akasema. "Mwari mwenyewe asemaje?"

Nikanyamaza.

"Amekubali," Shangazi akawahi. "Akinyamaza ndiyo amekubali."

"Kwenye ndoa, sawa. Hapa akimnyamazia mteja, mteja ataondoka." Akanigeukia. "Ndoo karibu, mwanangu. Chuo chako sikijui. Usijali, na changu hakuna akijuaye. Nataka kitu kimoja tu. Mweleze shangazi yako hisa ni nini. Akielewa, tutazungumza."

Nilianza kwa maneno ya kitabu. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni.

"Sijaelewa," Shangazi akasema. Yeye, mshenga wangu!

Nikalitazama sinia. "Haya. Tuseme unafungua duka la visheti. Unataka jiko kubwa, na peke yako hulimudu. Majirani kumi wanachangia, na kila mmoja anapata sehemu yake ya duka."

"Majirani gani? Na yule wa chini yumo?"

"Naye yumo."

"Aka! Dukani kwangu?"

"Si lako peke yako tena, Shangazi, ni lenu."

"Sasa akija kunigongea?"

"Atakuja kwenye mkutano, mara moja kwa mwaka, aulize maswali yake."

"Mara moja, si mbaya. Na akinichosha?"

"Humfukuzi. Akitaka mwenyewe kutoka, atamuuzia mtu mwingine sehemu yake."

"Mtu yeyote? Hata wifi yangu?"

Wifi yake ni mama yangu, yuko Tanga. "Hata mama," nikasema.

"Basi bora abaki yule wa chini!"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama, nasema kwa sauti, na visheti nimevigawa mafungu kumi juu ya makaratasi ya mhasibu. Mwenyewe alikuwa akifuta machozi kwa kicheko.

"Nimeelewa," Shangazi akasema. "Na duka silifungui."

Mhasibu akafungua mdomo kujibu. Shangazi akainua mkono. "Usitupe jibu leo. Jibu la papo hapo si heshima. Tutangoja."

Nilimtazama nisiamini. Mhasibu akainamisha kichwa. "Sawa, mama. Tutaleta."

Siku nne sikula vizuri. Jumatano jioni mlango uligongwa, akaingia mke wa mhasibu na boksi jekundu la ladu, vile vitamutamu vya Kihindi. Shangazi akanisukuma jikoni. "Mwari hakai sebuleni," akaninong'oneza, akafunga mlango. Nikatega sikio.

"Mume wangu anasema..."

"Kunywa chai kwanza, shoga. Mama mkwe hajambo?"

Mama mkwe hakuwa na jambo. Mvua nayo ikaulizwa. Kikombe cha pili kikamiminwa, nami naing'ata kanga yangu.

"Anasema," mgeni akapata nafasi mwishowe, "aje Jumatatu ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi. Na asiusahau mdomo wake nyumbani."

Mwari hungoja aitwe. Mimi sikungoja. Nilifungua mlango, nikasema, "Nitakuja!" kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Shangazi akapiga vigelegele, mgeni akampokea, na chini ya miguu yetu ikasikika ngo, ngo, ngo.

"Mwachieni," Shangazi akasema, akilifungua boksi la ladu. "Ana hisa yake."