Matairi ya Kwendea Gairo

Haya jamani, mliokaa na mliosimama, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjasalimia. Wa kule nyuma sogeeni, sauti yangu siku hizi haikimbii, inatembea na mkongojo. Leo nawapa habari ya matairi. Mnacheka. Mimi matairi yalitaka kunikosesha mke, na mke mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtu.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Kabla ya hapo ukitaka tairi unaomba kibali, kibali kinaomba kibali mwenzake, na siku tairi likitoka unapewa moja, la lori, na wewe una baiskeli. Unashukuru, unalipeleka nyumbani, kuku wanatagia humo. Habari ya kuchagua hatukuwa nayo. Mara ghafla mjini Morogoro maduka yakajaa matairi mpaka yakamwagikia barabarani, ya kila nchi, ya kila unene, mapya na yaliyokwishatembea Ulaya. Sasa mtu aliyezoea kupewa, siku ukimwambia chagua, anaugua. Mimi niliugua.

Lakini kabla ya matairi kulikuwa na mke. Mama yake alishikwa na maradhi kwao Gairo, mke akaenda kumuuguza. Nilimpeleka mwenyewe na pikapu yangu, ile niliyokuwa nabebea ndizi na mboga za mlimani. Mama aliugua sana, Mungu akamchukua, tukazika. Mimi nikarudi nyumbani Bigwa na pikapu, mke akabaki msibani. Arobaini ikapita. Sasa kwa ukoo ule, mwanamke aliyekaa kwenye msiba wa mama yake hajirudishi kwa mumewe kama mbuzi aliyekata kamba. Mume anakwenda kumchukua, na mmoja wa mama zake anamsindikiza mpaka mlangoni, anamkabidhi, analala siku mbili tatu, anarudi. Bila hivyo watu watasema katoroka, au kafukuzwa. Kwa hiyo kule Gairo walikuwa wananingoja mimi.

Na mimi huku nimebaki na mlima. Watoto wetu walishakuwa watu wazima, mmoja Mwanza, mmoja Songea, utadhani waligawana pembe za nchi. Kimya cha nyumba ile, jamani, nilikuwa nasikia siafu wakigombania njia. Asubuhi ukungu ukishuka toka Uluguru unaingia mpaka jikoni, nami nauambia karibu, maana ndio mgeni niliyekuwa naye. Ugali niliopika, kuku walikuwa wananolea midomo. Jioni nikitoka sokoni, nafika mlangoni nabisha hodi nyumba yangu mwenyewe. Nasema hodi, halafu naingia upesi, naitikia karibu. Kuna siku nilijisahau. Nikabisha hodi, nikasimama pale nje, nangoja.

Pikapu ndiyo iliyozidi kuniumiza. Kiti chake kilikuwa kirefu cha watu watatu, na upande wa mke wangu palikuwa na kitambaa alichokidarizi, maua ya njano. Kila nikikata kona, kile kitambaa kinateleza kuja kwangu. Kona ya pili kinarudi kwake. Nikaona hapana. Akatokea kijana wa mjini anatafuta pikapu ya kusombea mahindi, yeye ana kijigari chekundu cha Kijapani, milango miwili, viti viwili, kifupi mpaka mbuzi akipita anakiangalia kwa juu. Lakini mbio zake, ukikiwasha Bigwa, moshi unakutana nao Msamvu, upande wa pili wa mji. Tukabadilishana. Nilifikiri gari likiwa dogo na upweke utakuwa mdogo. Kumbe upweke hauna saizi, unakunja miguu unaingia.

Tatizo matairi yake yalikuwa kipara, unaweza kujitazamia ukanyoa ndevu. Kwenda Gairo na matairi yale, zile kona za kupanda ukishapita Dumila, ilikuwa ni kujiandalia arobaini yangu. Nikajiambia, nachagua matairi kwanza, halafu naenda kumchukua mke wangu. Neno la busara kabisa.

Muuza matairi alikuwa mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapo hapo Morogoro, Muislamu mpole, Kiluguru anakijua kunishinda mimi mwenye milima. Nje ya duka lake palikuwa na benchi na birika la chai ya tangawizi. Siku ya kwanza akaniuliza, nataka tairi la namna gani. Jamani, mjue ilikuwa miezi hakuna mtu aliyeniuliza nataka nini. Nilitaka nilie. Nikamwambia sijui, nieleze yote.

Akanieleza. Kulikuwa na haya ya kashata kubwa, yenye meno kama ya trekta, mazuri kwa matope ya Bigwa masika ikikolea, lakini kwenye lami yanaimba mpaka unashindwa kusikia mawazo yako. Kulikuwa na haya magumu, meusi tii, hayaishi leo wala kesho, mtu anamrithisha mpwa wake, ila mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Na kulikuwa na yale mengine, ya magari ya mbio. Mapana, mbavu fupi, mpira laini, na mistari imechorwa kwa mshazari ili maji yakimbilie pembeni. Hayo yanang'ang'ania lami kama kupe. Lakini yanaisha upesi, na shimo moja tu la barabarani linakusalimia mpaka kwenye meno.

Nikayabonyeza kwa kucha. Nikayagonga kama mtu anayechagua papai. Nikayanusa. Mzee akamimina chai. Nikamwambia nakwenda kufikiri.

Jumamosi nikarudi. Na iliyofuata. Watu wa benchi wakanizoea, madereva, walimu, mhadhiri mmoja wa Mzumbe aliyekuwa anakuja kujaza upepo na kukaa mpaka mchana. Wakagawanyika vyama. Chama cha mpira laini na chama cha mpira mgumu, wanabishana mpaka chai inapoa. Mhadhiri alikuwa chama cha laini, akasema gari la mbio kulivalisha tairi gumu ni kumvalisha mcheza ngoma gambuti. Tulicheka. Nikicheka pale nilikuwa nasikia kabisa sauti yangu ikitoka kutu. Mzee akawa akiniona tu kwa mbali ananiuliza:

"Leo umekuja kununua au kuchagua?"

"Kuchagua."

"Basi kaa, chai ipo."

Halafu jioni narudi Bigwa, hodi, karibu.

Wanawake wa Gairo waliokuwa wanaleta karanga sokoni walipeleka salamu zangu. Mwambieni nakuja, nachagua matairi. Safari nyingine wakaja, mke anasalimia, anauliza nimekwama wapi. Mwambieni bado kidogo, nimebakiza kuamua upana. Vuli ikaisha. Mahindi ya jirani yakatoka ardhini, yakabeba, mimi bado naamua upana. Watu wa Gairo wote, nasikia, wakajua habari ya upana. Mtoto akichelewa kutoka kisimani anaulizwa kama alikuwa anachagua matairi.

Mpaka siku moja mama wa karanga akashusha gunia, hata hakunisalimia vizuri. Akaniambia, mkeo kasema hivi: "Mwambieni basi nalo lina matairi."

Basi. Hayo tu. Nilisimama katikati ya soko, na soko lile lina kelele, sikusikia kitu. Maana ni kweli. Mabasi yalikuwa yanapita kila siku. Na tena mwanamke akikaa sana kwao bila kufuatwa, ukoo unaanza kumpimia shamba la kulima. Akishapanda, ujue ndiyo kwake.

Nikaenda dukani mbio. Mzee akaniuliza swali lake. Nikamwambia kununua. Akaweka birika chini taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Akasema, "Na sasa Jumamosi utakuja kufanya nini?" Nikamwambia nitakuja kuchagua spea. Nikachukua yale mapana laini, ya mbio. Wala msiniulize kwa nini hayo, mkononi ndiyo yaliyokuwa na joto. Wakayafunga, kijigari kikakaa chini kama chui anayetaka kuruka. Chama cha mpira laini wakapiga makofi.

Kesho yake nikaondoka. Jamani, yale matairi. Mvua ilinikuta kwenye zile kona za kupanda, malori yamesimama pembeni, mimi napanda tu. Kona nyingine niliikata kwa ukali mpaka nikaona namba ya nyuma ya gari langu mwenyewe. Halitelezi hata unywele. Nikageuka kumwambia mtu, umeona? Kiti kitupu. Nikakanyaga mafuta mpaka Gairo.

Nyumba ya ukweni ilikuwa ndani, unaacha lami unapita mashamba ya karanga, mchanga mtupu. Kigari changu na mbavu zake fupi kingezama mpaka kwenye taa. Nikakiacha lami, karibu na mashine ya kusaga, nikaenda kwa mguu, viatu mkononi. Nikafika, nikachutama, nikaangalia chini kama inavyompasa mkwe. Mama mkubwa wa mke wangu, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa ameshika nyumba. Mtu mzima, mnyamavu, maneno yake anayahifadhi kama mbegu. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akasema tu kwamba walishajitayarisha tangu zamani. Na kweli. Gunia la mahindi, gunia la karanga, kuku, mikeka, na yeye mwenyewe kajifunga khanga mpya, ndiye msindikizaji. Walikuwa wamepanga mizigo ya kujaza pikapu.

Mimi ndipo nikakumbuka pikapu.

Tulitembea mpaka lami, vijana wa nyumbani wamebeba magunia. Mama mkubwa akakizunguka kile kigari. Akakizunguka tena. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma. Akachungulia ndani, akaona viti viwili, akanyoosha mgongo, akatazama mbali kwenye mashamba. 

Mke wangu akachutama penye gurudumu. Akaligusa kwa kiganja.

"Mazuri," akasema. "Ndiyo haya ulikuwa unachagua muda wote?"

"Ndiyo haya."

"Chai ulikuwa unakunywa wapi?"

Maana ananijua, mimi chai siwezi kujipikia, nachemsha maji yanaungua. Nikamwambia, kwa mzee wa matairi, pale kwenye benchi. Akabaki kachutama na kiganja kwenye tairi. Sikumweleza habari ya hodi, wala ya kimya, wala ya kitambaa cha maua ya njano nilichokitoa kwenye pikapu, nikawa nacho mfukoni. Nadhani alishaelewa kwenye chai.

Sasa tufanyeje. Nimchukue mke nimwache mama, haikubaliki, ni kama kumwiba. Nimchukue mama nimwache mke, nikae na mkwe goti kwa goti mpaka Morogoro, hiyo hata kuisema ni aibu. Wakasema, basi wao wapande basi na mizigo, mimi nitangulie na gari langu nikafungue nyumba. Lilikuwa shauri zuri. Nikafungua mlango, nikakaa, nikashika usukani. Nikakitazama kile kiti cha pembeni. Nikatoka nje, nikafunga, funguo nikampa mwenye mashine ya kusaga. Nikamwambia nitakuja kulifuata. Akauliza lini. Nikamwambia kuku wako wasitagie humo tu.

Basi likaja, tukapanda. Magunia juu, kuku chini, mke dirishani, mama mkubwa mbele yetu kwa heshima yake. Lile basi matairi yake, jamani, mimi kwa macho ya kitaalamu niliyoyapata kwenye benchi, niliyaona nikapiga moyo konde. Nikatoa kitambaa cha njano nikakiweka kwenye goti la mke wangu. Akakitazama. Kona ikaja, akateleza yeye kuja kwangu, kitambaa kikabaki gotini.

Tumeshuka ile milima yote salama, tuko tambarare karibu na Dumila, ndipo tairi likapasuka. Mlio wake, ndege wa mpaka Kilosa waliruka. Basi likayumba, likasimama. Dereva na utingo wakateremka, wakashusha spea mbili toka juu, moja kipara, moja imetoka uvimbe ubavuni, wakaanza kubishana wafunge ipi. Nami, mkono wa mazoea, nikainuka kwenye kiti niende nikaangalie.

Mama mkubwa, ambaye tangu Gairo hakuwa amefungua mdomo, akatoa kichwa dirishani akawaambia wale watu, basi zima likisikia:

"Jamani wanangu, fungeni lolote lenye upepo, ila huyu mkwe wangu msimwonyeshe."